Seva ya kusawazisha data imefuta maziwa ya mwezi mzima, halafu naambiwa "imefanya kazi kama ilivyobuniwa"

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa hasira, mtanisamehe.

Mimi natengeneza programu za simu kwa vikundi vya wafugaji. Mwaka jana nilikitengenezea kikundi kimoja cha milimani, wilaya ya Lushoto, programu ya kupokea maziwa. Kazi yake ni ndogo: karani wa kituo anapima maziwa asubuhi na jioni, anachagua jina la mfugaji, anaingiza lita. Mwisho wa mwezi mhasibu aliyeko mjini anafungua kompyuta, anaona jumla ya kila mtu, analipa. Kule kituoni mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikalipia huduma ya seva ya kusawazisha data papo kwa papo. Jina lake siliweki hapa, nataka tuzungumzie jambo lenyewe. Ahadi yao ilikuwa kwamba mtu ataandika kwenye simu hata kama hana mtandao, na akiupata kila kitu kitapanda chenyewe.

Hakikupanda.

Tokeni ya karani, yaani kibali cha kidijitali cha kuingilia kwenye seva, iliisha muda. Maktaba yao (msimbo wao niliouweka ndani ya programu yangu) ikaomba mpya, ikakataliwa, ikaacha kutuma data kimya kimya. Haikutoa ujumbe wa hitilafu, na kwenye logi, daftari la matukio ya programu, hakuna hata mstari mmoja. Karani alishuka mjini siku za gulio mara nne, simu ina mtandao mzuri, bando lipo, na juu ya skrini alama ya kijani inawaka kwamba ameunganishwa. Hapo kosa langu nalikubali: nilichukua ishara ya "umeunganishwa" nikamwonyesha karani kana kwamba maana yake ni "data imefika". Ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini hata huo muunganisho wenyewe ulikuwa umeshakufa siku nyingi, na maktaba yao ikaendelea kuniambia uko hai.

Mwisho wa mwezi mhasibu akakuta kituo kile kina sifuri. Akanipigia. Nikakagua, nikaona suala la tokeni, nikatuma toleo jipya na kumwomba karani aingie upya kwa nywila. Ilikuwa siku ya 33. Naomba mlielewe hili vizuri: mpaka asubuhi ile, lita zote zilikuwa salama ndani ya simu. Karani alikuwa anaziona.

Alipoingia tu, seva ikaiambia simu: umekaa nje zaidi ya siku 30, historia ya mabadiliko nimeshaipunguza, anza upya. Simu ikaifuta hifadhidata yake na kushusha nakala iliyoko kwenye seva, yaani ya mwezi uliopita. Maziwa ya wafugaji 47, asubuhi na jioni, yakayeyuka karani akiangalia. Alinipigia akidhani amebonyeza kitu kibaya. Akawa ananiomba msamaha, wakuu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba msamaha mimi!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Baada ya siku mbili likaja jibu kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyobuniwa, pamoja na kiungo cha ukurasa wa maelezo. Huko chini kabisa imeandikwa kwamba, simu inapolazimishwa kuanza kusawazisha upya, chaguo-msingi ni kutupa mabadiliko ambayo hayajapanda. Ukitaka yaokolewe, unaandika msimbo wa kuyaokoa mwenyewe.

Sasa wanaotetea huduma za aina hii watasema seva haiwezi kutunza historia milele, diski itajaa. Sawa, hilo nalielewa na sina ugomvi nalo. Seva inahesabu kila badiliko kwa namba, na ikishapunguza namba za zamani, simu iliyochelewa haiwezi tena kuletewa mabadiliko moja moja. Lazima ishushe nakala nzima. Lakini hayo ni mambo ya kushusha! Kwa nini iguse vya kupandisha? Kila pokeo la maziwa kwenye programu yangu ni rekodi mpya, ina kitambulisho chake cha kipekee kilichozaliwa kwenye simu, haigombani na rekodi ya mtu mwingine yeyote duniani. Shusha nakala mpya, kisha panga zile rekodi ambazo hazijafika juu yake, zipandishe. Ni kazi inayowezekana kabisa, na watu wengine wameifanya miaka mingi. CouchDB, mradi wa hifadhidata ulioanza 2005, hata nakala mbili zikigombana huchagua mshindi na kumtunza aliyeshindwa, ili uamue mwenyewe baadaye. WhatsApp ambayo mama zetu wanaitumia inaweka kijisaa pembeni ya ujumbe mpaka utoke kwenye simu, na ukikaa bila bando ujumbe unakungoja pale pale.

Hata Parse, huduma ya seva kwa programu za simu iliyokuwa mali ya Facebook, ilipotangaza Januari 2016 kwamba inafungwa, watengenezaji walipewa mwaka mzima wa kuhamisha data, na programu ya seva ikaachiwa wazi kwa umma. Ile ilikuwa inafungwa. Hii yangu iko hai, inanitoza kila mwezi, na haikunipa hata dakika moja.

Na si hilo tu. Kituo kingine simu ilikuwa na tarehe iliyoruka mwaka mmoja mbele. Mhasibu akirekebisha lita, baada ya muda zinarudi zilivyokuwa, kwa sababu huduma hii inalinganisha saa za simu na kumpa ushindi mwenye saa ya mbele. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha tangu 1978 namna ya kupanga matukio ya mashine zilizo mbalimbali bila kutegemea saa zao. Leo bado nauziwa hiki.

Turudi kwenye maziwa. Kila mfugaji ana kadi ambayo karani huandika lita kwa kalamu. Tulikaa siku tatu tunazinakili, tukapata 41. Sita hazikupatikana, nyingine zililowa mvua. Kamati ikaamua hao sita walipwe kwa wastani wa mwezi uliotangulia. Kati yao kuna mama mmoja ambaye mwezi uliotangulia ng'ombe wake alikuwa amekauka, na mwezi huu uliopotea ndio kwanza amezaa, maziwa yanatoka. Wastani ukampa karibu na bure. Anaamini nimekula hela yake. Nimweleze nini? Kwamba historia ya mabadiliko imepunguzwa?

Nilichofanya tangu hapo: kila pokeo linaandikwa kwanza kwenye jedwali la pembeni ambalo maktaba yao hailigusi. Linatoka humo pale tu seva yangu mwenyewe inapojibu kwamba imepokea kitambulisho hicho. Alama ya kijani nimeitoa, badala yake karani anaona idadi: "Hazijapokelewa: 18". Ikikaa juu ya sifuri kwa siku tatu, mimi na mhasibu tunapata SMS. Kila Jumapili simu inaandika faili la nakala kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mnaotumia huduma za namna hii, fanyeni jaribio hili leo, wala si kesho. Chukua simu ya majaribio, izime mtandao, ingiza rekodi kumi. Nenda kwenye seva ubatilishe tokeni ya mtumiaji huyo na ulazimishe simu ianze kusawazisha upya, kisha washa mtandao. Hesabu zimebaki ngapi. Mimi nilijaribu baadaye nikapata sifuri, na programu haikutoa hata onyo.

Naomba pia msaada. Karani hajafuta chochote wala kuingiza kitu kipya kwenye simu ile tangu siku hiyo, nilimwambia aizime na kuihifadhi. Ni Android. Kuna aliyewahi kufufua faili la hifadhidata lililofutwa na maktaba ya namna hii? Hata nikipata rekodi za mfugaji mmoja tu, za yule mama, nitapanda Lushoto kesho asubuhi.