Vyombo vya kahawia vya mama: udongo wa zamani, kioo au bati? Naomba ushauri kabla ya Desemba

BintiWaMachame
Wakuu, habari za jioni. Mama anatimiza miaka 70 Desemba hii na ukoo mzima tunapanda nyumbani. Nataka kumrudishia vile vyombo vya kahawia tulivyokulia. Udongo mzito, unang'aa kama buni iliyokaangwa, na ukingoni rangi nyeupe imechuruzika kama maziwa yaliyofurika sufuria. Mmisionari mmoja wa Kimarekani alituachia seti nzima alipoondoka. Vilikaa kabatini, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama, vikitoka kwa mchungaji, wakwe na Krismasi tu. Sahani moja ilikuwa imemeguka, na hiyo ndiyo aliyojipakulia yeye siku zote, pengo kaligeuzia upande wake ili wageni wasilione.

Vimebaki vikombe viwili. Njia ninazoziona ni hizi: (1) nitafute vya zamani vilevile, kimoja kimoja, kwenye masoko ya mitumba ya Moshi, Kiboriloni na Memorial, (2) seti mpya ya udongo ya rangi hiyo, toka Arusha, (3) vile vya kioo cha kahawia, mitumbani bado vinaonekana, (4) bati la maua, bei poa. Moyo uko kwenye ya kwanza.

Mangi_Mstaafu
Binti, geuza kikombe usome chini. Ukikuta neno hull na U.S.A., ni kazi ya kiwanda cha Hull, Crooksville, jimbo la Ohio. Walianza kuvitoa mwaka 1960, na kiwanda kikafungwa miaka ya 1980. Havitengenezwi tena, na huku vilikuja ndani ya masanduku ya watu kama huyo mmisionari wenu. Kiboriloni utazunguka mpaka soli iishe. Mimi ninalo bakuli moja, mtori unakaa wa moto humo mpaka mtu amalize kusimulia msiba mzima. Siliuzi, usiulize.

ShangaziNjoro
Hiyo namba 3 mbona mnaipita mbio? Kwetu kahawia ilikuwa kioo, Duralex ya Ufaransa. Ukiiinua sahani kuelekea dirishani, Kibo yote inageuka chai ya rangi. Tulichapwa kwa mchezo huo, lakini hatukuacha. Na ugumu wake! Iliwahi kumponyoka dada kwenye saruji, ikadunda, ikaendelea kutumika. Ninazo nane. Sita naweza kuzitoa tukielewana.

FundiVioo_Ngarenaro
Inadunda mpaka siku inapokataa, shangazi. Kioo kile kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600 halafu kinapulizwa upepo wa baridi ghafla. Nje kunajibana, ndani kunavuta, na mvutano huo ndio unaokifanya kistahimili vishindo na uji wa moto. Ila mkwaruzo ukishazama vya kutosha (na akina mama wanavyopenda waya wa kusugulia!) kinaachia chote kwa mpigo, vipande vidogo kama chumvi ya mawe. Kwa mjomba wangu moja ilijipasua usiku kabatini, watu wakatoka na mapanga wakidhani mwizi. Ukinunua mtumba, pitisha ukucha ukingoni taratibu. Ukinasa, iache hapohapo.

Kiwanda cha hiyo Duralex kiko karibu na Orléans, na jina lenyewe lilianza 1945. Mwaka 2024 wafanyakazi wenyewe wakakichukua kwa ushirika.

NesiMstaafu
Kwa namba 1, neno moja. Mng'aro wa udongo wa zamani, hasa usipojua umetoka wapi, unaweza kuwa na madini ya risasi, na kwa macho huwezi kujua. Vitu vichachu ndivyo vinavyoyatoa: ndimu, mtindi, achari, hata mbege. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kifanye pambo. Kwa wajukuu usipakulie humo.

Kijana_Sakina
Namba 2 imenipiga mimi. Duka moja hapa Arusha, seti mpya, kahawia safi, muuzaji anaapa inaingia maikrowevu. Wiki ya pili bakuli likalia "tii!" likagawanyika kama chungwa. Siku hizi nikienda nageuza chombo, natafuta sehemu ya chini isiyopakwa, naweka tone la maji. Likinywewa haraka, udongo huo haukuiva.

Mpare_Original
Mnahangaika na Ohio wakati kina mama wa Usangi wanafinyanga hapo jirani.

FundiVioo_Ngarenaro
Vya Usangi navikubali kwa maharage, mkuu. Ila vinachomwa mahali pa wazi kwa kuni na majani, mng'aro ule hauwezi kuyeyuka kwa moto huo. Ni chombo kingine kabisa.

Mangi_Mstaafu
Namba 4 ni ya bweni. Miaka 70 ya mama, umpelekee sahani ya bweni?

BintiWaMachame
Wakuu, nimegeuza. Hull! Mzee Mangi, heshima yako.

Sasa sikieni. Nimempigia mama, nikaanza kwa mbali: mama, vile vyombo vya mmisionari unavikumbuka? Akacheka mpaka akakohoa. Eti vile vilikuwa mzigo, kila Krismasi mkono wa kulia ulimuuma wiki nzima kwa kuviosha. Nikamuuliza, mbona ulivifungia hivyo? Akasema havikuwa vyake. Miaka yote alijua mzungu atarudi kuvidai, na ile iliyomeguka ilikuwa inamnyima usingizi, atamjibu nini.

Nikauliza, ulikuwa unapenda vipi basi? Hakufikiri hata kidogo. Zile za kioo za kahawia za jirani yetu wa bondeni, alizoazima harusi ya dada, akazirudisha zote sita, akahesabu mara mbili mlangoni pa mwenyewe.

Shangazi Njoro, shikamoo. Nakuja Jumamosi asubuhi. Kucha sikati.