Zamu ya maji: wa juu hawatuheshimu tena tangu banio lijengwe kwa zege

Wa_Mwisho_Mfongo, Moshi
Habari wadau. Sisi wa mwisho wa mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, tunaumia. Zamani banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, lilikuwa la mawe, magogo na migomba, masika ikilibomoa wote tunapanda msaragambo (kazi ya pamoja), wa juu na wa chini. Sasa ni zege halibomoki, ila usiku kwenye zamu yetu wa juu wanajifungulia maji, mahindi yanakauka tunayaangalia. Nasikia kuna nadharia ya michezo inaelezea haya, anayeijua anisaidie maana mi naona ni roho mbaya tu.

Majaruba
Pole sana mkuu. Sio roho mbaya, hesabu ndo zimebadilika. Kwenye hiyo nadharia kila mtu anaangalia mwenzake atafanya nini, sasa zamani wa juu akikuibia, masika na wewe unagoma msaragambo, banio halisimami, mnakosa wote, kwa hiyo alikuachia maji sababu analitaka jembe lako. Zege limemuondolea hiyo shida. Elinor Ostrom, yule mama wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi 2009, aliliona hilohilo Nepal, penye mabanio ya kudumu wa mwisho walipunjwa zaidi kuliko penye ya kienyeji.

Dada wa Usa River
Naongezea, hiyo ya kugomeana inafanya kazi kama mnajuana na mtakutana tena mwakani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi wa miaka ya 80, mpunga ulipoanza kulipa, watu wa juu ambao hawamo kwenye mradi nao wakaanza kulima mpunga, maji ya mto Rau yakapungua chini. Hao utawagomea nini? Ndo maana jumuiya ya watumia maji inatakiwa isimamie mto mzima, isiishie kwenye mfereji wenu.

Majaruba
Kweli kabisa. Mkuu jaribuni hivi, zamu zifuatane shamba kwa shamba, anayemaliza anamkabidhi anayefuata palepale kwenye mfereji. Valencia kule Hispania wamefanya hivyo karne na karne, anayesubiri ndo mlinzi na halipwi hata senti. Faini ianze ndogo, ipande kwa anayerudia.

Wa_Mwisho_Mfongo
Asanteni sana jamani. Geti lina kufuli na ufunguo anao mtu wa juu, Jumapili baada ya ibada kuna kikao, nitaomba ushikwe na wa kwetu. Halafu mchanga bado unajaa kila masika palepale chini ya banio, hata wao maji hayawafikii usipozolewa, na wanaoshuka na makoleo ni sisi wa chini tu. Kumbe jembe letu bado wanalihitaji, nalo nitalisema.