Ulinganisho: gemu ya kutisha ya Tendaguru, ya kituo cha gesi, au ya kambi iliyokatiwa barabara?

Fundi_wa_Chikongola (mwanzisha mada)
Wadau, salaam. Kikundi chetu hapa Mtwara kinataka kutengeneza gemu fupi ya simu yenye roho ya filamu za kisayansi za kutisha na za mafumbo, na tumebakiwa na mawazo matatu. La kwanza linatokea kwenye kituo cha gesi cha kubuni karibu na Ghuba ya Mnazi, ambako mlinzi wa zamu ya usiku anang'amua kwamba kuna kitu kimepanda na bomba kutoka chini ya bahari. La pili linatokea Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi kilichochimbwa mifupa ya dinosaria, mwaka 1910: karani anayeorodhesha mifupa hiyo anakutana na mzigo ambao haueleweki. La tatu ni la watu sita waliokwama kambini wakati wa masika, na mmoja wao si mtu tena. Gemu lazima iende kwenye simu ya bei nafuu, isile bando, na imalizike kwa saa moja hivi. Tunatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa kuwa ni ya bure na haielemei kompyuta ndogo. Mngechagua lipi?

Binti_Mikindani
Mimi nasimama na kituo cha gesi. Katika filamu ya Alien ya mwaka 1979, kiumbe kile, ambacho ndani ya vazi lake alikuwamo Mnigeria mrefu aitwaye Bolaji Badejo, huonekana kwa dakika chache tu. Muda mwingine wote mtazamaji anatishwa na milango, mvuke na mlio wa kifaa cha kunasa mwendo. Kituo cha gesi kinayo hayo yote tayari. Mchezaji asikie valvu ikifunguka mahali ambapo hakuna mfanyakazi, na kazi yetu itakuwa imekwisha.

Mwenda_Nachingwea
Dada, kazi ndiyo kwanza itakuwa inaanza. Gemu ya Alien: Isolation ya mwaka 2014 ilifanikiwa kwa sababu kiumbe wake anaongozwa na mifumo miwili: mmoja unajua mchezaji alipo na humtupia kiumbe fununu kidogo, na mwingine ni wa kiumbe mwenyewe, ambaye hutegemea macho na masikio yake tu. Kuvilinganisha viwili hivyo, ili kiumbe asionekane mjinga wala mwonevu, ni kibarua cha timu kubwa yenye fedha.

Kambi iliyokwama ni nafuu kwa upande wa picha, na ina utamu ambao wenzetu wa nje hawana. Katika filamu ya The Thing ya mwaka 1982, wanaume wa kituo cha Antaktika wanapimana damu kwa waya wa moto ili kumjua aliyenakiliwa na kiumbe. Sisi hatuhitaji waya. Huku kwetu kusini mjomba ana sauti kubwa katika ukoo, na mtani ana ruhusa ya kukutania hata msibani, kwa hiyo kilichovaa sura ya mtu kinaweza kujua majina yote sita na bado kikakosea: kikampa mkwe wake mkono kwa mzaha, au kikakaa kimya pale ambapo mtani wa kweli angekwishadai kuku. Mchezaji anayewaangalia watu wakila ugali angeweza kumtambua adui kabla ya tone la damu.

Mwalimu_wa_Lindi
Hoja ya utani ni nzuri mno, kaka, lakini hesabu mazungumzo. Ikiwa adui anabadilika kila gemu inapoanza upya, kila mmoja wa hao sita anahitaji kuandikiwa maneno mara mbili, akiwa mtu na akiwa si mtu. Nani ataandika?

Mimi nachagua Tendaguru, na si kwa sababu natoka Lindi. Safari ya Wajerumani ya kuchimba mifupa hiyo, ya mwaka 1909 hadi 1913, ni fumbo lililokwisha kuandikwa nusu. Wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig walitoka Berlin, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi kwa mwendo wa siku nne hivi. Mifupa mingi ilifungwa kwa mianzi, na vifurushi vingine vilikaa katika makumbusho ya Berlin kwa miongo mingi bila kufunguliwa. Mwandishi gani wa filamu angekataa zawadi kama hiyo?

Kioo cha simu kionyeshe daftari, taa ya mafuta na mzani, basi. Kifurushi namba 212 kimeondoka kambini kikibebwa na watu wawili. Kituo cha kwanza wamehitajika wanne. Kituo cha pili uzito umeshuka, na mpagazi mmoja hayumo katika orodha wala hakuna anayekumbuka kwamba alikuwamo. Karani ndiye anayeamua kama aandike anachokiona au anachotarajiwa kukiona. Ombi langu moja: Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 na njaa ilikuwa imewamaliza watu, kwa hiyo wapagazi wasiwe chakula cha zimwi tu. Wawe na majina na madai ya ujira.

Msimbati_Usiku
Naunga mkono Tendaguru. Zimwi lenyewe livalishwe barakoa ya mapiko, ile ngoma ya Wamakonde.

Mwalimu_wa_Lindi
Hapana, ndugu. Mapiko ni ya jando na unyago, na ina wenyewe. Kilicho ndani ya mianzi kina umri wa miaka milioni 150. Hakihitaji sura ya Mmakonde.

Binti_Mikindani
Nimekubali kuhusu mzani, ila daftari pekee halitamtisha kijana aliye ndani ya daladala bila spika za masikioni. Tumieni mtetemo wa simu: mzigo unapowekwa mzanini, simu itetemeke mara moja, na baadaye itetemeke wakati hakuna kilichowekwa.

Fundi_wa_Chikongola
Hilo la mtetemo linaingia leo. Tunaanza na msafara mmoja tu, Tendaguru hadi Lindi, usiku nne, picha bapa. Mwenda, utani wako nauomba kwa wapagazi: yule asiyekumbukwa awe ndiye pekee aliyekuwa akimtania karani. Mwenye simu ya zamani yenye RAM ya GB 2 aseme hapa, nimtumie jaribio.