Naomba ushauri: mbwa anang'ata vizuri, kuachia ndiyo shida

Habari zenu wakuu. Nina German Shepherd dume wa miezi 14, namfundisha ulinzi wa nyumbani. Kaa, lala na njoo anatii hata barabarani. Shida inaanza akishaung'ata ule mkono wa gunia anaouvaa kijana anayenisaidia mazoezi: nikisema "achia" ni kama sijasema. Hata nikimwonyesha nyama ili aachie, haiangalii kabisa. Kijana akisimama tuli bila kuvuta, anaachia, ila kwa kuchelewa sana. Jirani anashauri nimkabe kwa kola. Mimi nahofia atazidi kukaza meno.

Je, nisitishe kung'ata hadi aizoee amri hii kwenye kamba ya kuchezea? Na akiuona mkono wa gunia tu ndipo anapandisha hasira, nitamtoaje huko? Nyumbani nina watoto wadogo.