Kubadili latitudo, longitudo na mwinuko kuwa X, Y, Z: Kigoma yangu inatokea karibu na Ncha ya Kaskazini!

MwanaUjiji
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Kazi yangu ni kufunga antena za intaneti hapa Kigoma. Nataka umbali ulionyooka kutoka paa hadi paa, tofauti ya mwinuko ikiwemo, ndiyo maana nageuza nukta za GPS kuwa X, Y, Z (mita kutoka kitovu cha dunia, Z ikielekea Ncha ya Kaskazini) kwenye Excel. Paa la kwanza: latitudo -4.88, longitudo 29.63, mwinuko mita 800. X inatoka hasi 227,900 hivi, Z chanya milioni 6.27. Sisi tuko kusini ya ikweta, Z inakuwaje chanya? Siku ya pili hii sijalala vizuri.

fundi_ramani
Marahaba mdogo wangu. Kanuni yako ni nzima, kinachokuangusha ni nyuzi. SIN na COS za Excel zinadai radiani, kipimo kingine cha pembe (nyuzi 180 ni radiani π). Kila pembe ipitishe kwanza kwenye RADIANS. Nimeingiza nyuzi zako zikiwa mbichi, nikapata milioni 6.27 ileile.

(lat ni latitudo, lon longitudo, h mwinuko; N ni nusu kipenyo cha mkunjo wa dunia hapo ulipo, e² ni kipimo cha kubonyea kwake)
N = 6378137 / √(1 − e² sin²lat), e² = 0.00669438
X = (N + h) cos lat cos lon
Y = (N + h) cos lat sin lon
Z = (N(1 − e²) + h) sin lat

Kwa paa lako: X 5,524,837, Y 3,142,372, Z −539,031. Yaani uko kilomita 539 kusini ya bapa la ikweta. Ile (1 − e²) usiiruke hata kidogo: dunia imebonyea kwenye ncha, na ukiisahau Z ya hapo Kigoma inakosea kilomita 3.6.

Dada_wa_Tabora
Mdogo wangu, alama ya hasi nayo ichunge. Ikidondoka, paa lako linahamia Sudan Kusini, jirani na Maridi. Halafu -4.88 ni fupi mno kwa kazi ya antena: tarakimu mbili tu baada ya nukta zinaweza kukupotosha zaidi ya mita 500. Andika sita, hapo unazungumzia sentimita. Na h ni mwinuko juu ya elipsoidi ya WGS84 (umbo laini la dunia iliyobonyea ambalo GPS hulitumia), si juu ya usawa wa bahari. Usichukue paa moja kwenye GPS na lingine kwenye ramani ya karatasi.

MwanaUjiji
Z imetoka −539,031! Asanteni sana, dada na kaka. Ramani ya karatasi ndiyo niliyotumia kwa mwinuko wa paa la Ujiji. Kesho asubuhi napanda yote mawili na kipimo kilekile.