Waliokulia nyumba ambayo wazazi hawaelewani, tupeane uzoefu

Nianze mimi. Kwetu hakukuwa na kelele, kulikuwa na kununiana. Wiki mbili hawasemeshani na mimi, miaka 13, ndo posta. "Mwambie baba yako..." na mzee yupo hapo hapo kochi la pili anasikia kila kitu. Nikajifunza kuchuja, bi mkubwa akisema mwambie aache dharau mi nafikisha "mama anauliza utarudi saa ngapi". Mpaka leo kazini watu wakikorofishana najikuta katikati napatanisha na sijaitwa. Nyie ilikuwaje?

kitasa: Kwetu kelele. Nilikuwa najua kwa mlio wa funguo tu mzee kaingia na hali gani, ukigeuka kwa nguvu nazima taa najifanya nimelala. Darasani nikaporomoka vibaya, walimu wanasema ujana huo, hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi.

mama2: Nimesomea malezi kidogo. Kuna wanasaikolojia wawili, Grych na Fincham, 1990, walieleza kwamba si ugomvi wenyewe tu, ni vile mtoto anavyouelewa, kama anaona ni hatari na kama anajilaumu. Hilo la kujilaumu nalijua bila kitabu maana ugomvi mwingi ulikuwa juu yangu, mara matokeo, mara marafiki zangu, nikajiaminisha nikiondoka watapatana. Nikaomba bweni. Wakaendelea vile vile, wakatafuta vitu vingine vya kugombania.

wa_kwanza: Wangu waliachana nina 15 na mtanisamehe, nilipumua. Usingizi ulirudi. Mdogo wangu alikuwa na 11, yeye hajawasamehe hadi leo. Nyumba moja wazazi wale wale.

babaJ: Wangu waligombana sana tu, ila walikuwa wanapatana mbele yetu, mzee anasema kabisa "jana nilikosea" na sisi tupo tunasikia. Sikuona shida. Sasa mimi na mke wangu tunaanzia sebuleni tunamalizia chumbani, tukidhani ndo ustaarabu, kumbe binti yetu mwanzo kauona mwisho hajauona, asubuhi anatupitia nyuso mmoja mmoja, hasalimii mpaka amejiridhisha.

mleta mada: babaJ umenimaliza. Jana tumefanya hivyo hivyo, na wangu ana 13. Ngoja nitoke, taa ya chumbani kwake bado inawaka.