Mrejesho: mbwa wa kulinda kuku, Pongwe, Tanga

Wakuu, niliuliza namna ya kumzuia mbwa mchanga asikimbize kuku, maana nguchiro na kicheche wanamaliza vifaranga. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Kilichosaidia zaidi ni kamba. Mbwa anafungwa kamba ya mita 3, anakaa nje ya wavu kuku wakila. Akiwakodolea macho, masikio mbele, mwili umekakamaa, hapo hapo unasema "acha". Akigeuza kichwa tu, dagaa mmoja mdomoni. Ukingoja hadi achomoke umeshachelewa, kwani kuku anayepigapiga mabawa ndiye anayempandisha mori. Akishazoea kulala chini kuku wakipita, ingia naye ndani ya uzio, kamba ingali mkononi.

Miezi 6 hadi 12 ndiyo migumu: hata aliyetulia huanza kucheza na kuku, na mchezo huo unaua. Asiachwe nao peke yake kabla ya mwaka na nusu hivi. Bakuli lake liwe mbali, kuku wasije wakadonoa chakula chake. Mayai yaokotwe mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa kuwa nguchiro naye huambukiza.

Usiku banda lifungwe vilevile. Kicheche hupenya tundu dogo sana.